Bibi Mlangoni mwa Fairyland

Ukitaka kuona watu wa Bariadi wanavyojua kubishana, usiende mahakamani wala kwenye kikao cha madiwani. Nenda kwenye kikao cha kamati ya sendofu, ile sherehe ya kumuaga binti kabla ya harusi. Huko utakuta watu wazima na heshima zao, wengine wana vitambi vya vyeo, wanatoleana macho kwa sababu ya rangi ya vitambaa vya viti. Violeth alikuwa ameshawazoea. Alikuwa akikaa pembeni na simu yake yenye picha za kazi alizowahi kufanya, anawaacha wabishane mpaka wachoke, na wakishachoka anasema neno lake moja.

"Nawawekea Fairyland."

Hapo kamati hutulia. Hakuna aliyewahi kumuuliza maana yake, kwa sababu kuuliza ni kukubali kwamba hujui, na mtu aliyevaa tai hawezi kukubali jambo hilo mbele ya shemeji zake.

Neno lenyewe Violeth alilikuta kwenye boksi. Alipoanza kazi ya kupamba kumbi alikuwa akiagiza taa ndogo ndogo kutoka Kariakoo, zile za kumetameta zinazopangwa kwenye waya mwembamba, na juu ya kila boksi kulikuwa na maandishi ya Kiingereza kwamba hizo ni taa za fairy. Akamuuliza jirani yake, mwalimu Harieth, anayefundisha Kiingereza sekondari. Harieth akamweleza kwamba fairy ni kiumbe wa hadithi za Wazungu, mdogo, ana mabawa, anaweza kukutendea wema au kukufanyia kisirani kutegemea siku hiyo kaamkaje, na kwao kunaitwa Fairyland.

"Ila siku hizi wanalitumia ovyo," Harieth akasema. "Mahali popote pakiwa pazuri kupita kiasi wanapaita hivyo. Pazuri mpaka moyoni unajua kabisa kwamba hapapo."

Violeth akachukua hiyo maana ya pili na kuiacha ya kwanza kwenye boksi. Akachapisha bango kubwa lenye maandishi ya dhahabu, KARIBU FAIRYLAND, na biashara ikashika. Mwenyewe hakuwa na imani kubwa na kazi yake. Ilimlisha na alishukuru, lakini yeye ndiye aliyejua pini zimefichwa wapi, gundi imepita wapi, na lile ua linalosifiwa limeshahudhuria harusi ngapi. Watu walipiga picha mbele ya mapazia yake, wakala, wakacheza, wakaenda zao. Hakuna aliyewahi kuyatazama mara mbili.

Ndipo ikaja sendofu ya Esteria.

Esteria alikuwa mtumishi kwenye ofisi moja ya serikali hapo mjini, binti mpole, mwepesi wa kucheka. Mama yake alifariki yeye akiwa bado ananyonya, akachukuliwa na bibi yake mzaa mama, Nyanjige, huko Sola, wilaya ya Maswa. Bibi ndiye aliyemlea, akamsomesha kwa pamba na karanga, akamwona anapata kazi. Sasa alikuwa amepata mchumba, Januarius, kijana wa Songea aliyeletwa Simiyu kikazi, na uhamisho wa Januarius wa kurudi kwao ulikuwa umeshatoka. Wakioana tu, wanaondoka. Kutoka Sola kwenda Songea ni safari ya kukata nchi nzima. Bibi aliposikia jina la mji huo aliuliza kama basi linafika au kuna mahali linaishia, halafu hakuuliza tena.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mjomba wa Esteria, mzee Ngassa, mtoto wa kiume wa bibi, mfanyabiashara wa pamba. Alitoa furushi zima la pamba kutoka ghalani kwake, na Violeth akalitumia kutengeneza mawingu. Aliyatundika juu ya ukumbi wote, akapitisha taa ndani yake, na jukwaani akasimamisha msitu wa matawi makavu aliyoyapaka rangi ya fedha. Alifanya kazi hiyo tangu juzi yake, akilala kwenye viti. Alipomaliza na kuwasha taa kujaribu, msaidizi wake wa kushona vitambaa alisema "duh!". Violeth akajiambia kwamba safari hii ametoa kitu.

Saa za mchana wageni walianza kuingia. MC alikuwa Clement, na Clement unamjua hata kama hujawahi kukutana naye: yule mtu ambaye akishika kipaza sauti hakiachi mpaka betri ife. Akasimama chini ya bango, mlangoni kabisa, akaanza kuwachangamsha wageni, kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kisukuma kwa ajili ya wazee waliotoka vijijini.

"Wazazi wangu, hapa siyo ukumbini tena! Hapa ni Fairyland! Mnaijua Fairyland? Ni nchi ya viumbe ambao siyo watu na siyo malaika. Ukivuka huu mlango umeshaingia kwao. Ukila chakula chao, ukinywa kinywaji chao, unasahau shida zote, unasahau madeni, unasahau mpaka kwenu ulikotoka! Karibuni sana!"

Watu wakacheka na kuingia. Bibi Nyanjige alikuwa kwenye foleni, amevaa kitenge kipya alichonunuliwa na Ngassa, mkononi ameshika kifurushi cha kanga. Alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akatoka kwenye foleni polepole, akaomba njia kwa waliokuwa nyuma yake, akaenda kukaa kwenye kiukuta cha bustani karibu na geti, akaweka kifurushi mapajani.

Gari la bibi harusi lilipofika, mambo yakawa mambo. Esteria, ndani ya gauni lake, aliona kupitia dirishani kwamba bibi yake amekaa nje juani, akauliza kuna nini. Mpambe wake akashuka kuulizia, akarudi na jibu kwamba bibi amegoma kuingia.

"Basi na mimi siingii," Esteria akasema, na akafunga kioo.

Kamati ilichanganyikiwa. Ngassa alikwenda kwa mama yake akambembeleza, akarudi anajifuta jasho. Clement alikwenda, akapiga magoti, akajaribu utani, akarudi bila utani wowote. Mwishowe Ngassa akamfuata Violeth jukwaani, ambako alikuwa akinyoosha pazia lililokwisha kunyooka.

"Mama mapambo, hilo bango ni lako. Mama yangu anasema yeye haingii kwenye nchi ya watu asiowajua. Na mtoto haingii bila yeye. Wakwe wameshakaa, wanatutazama. Nenda kamalize."

Violeth akaliachia pazia. Aling'oa bango mwenyewe, akalikunja, akalibana kwapani, akatoka nalo mpaka kwenye kiukuta. Alipiga magoti jinsi alivyofundishwa na mama yake huko Lamadi, akamwamkia kwa Kisukuma, akimwita mama.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila," bibi akaitikia, na akamtazama vizuri.

"Bibi, nimeliondoa lile bango. Hili hapa. Jina halipo tena. Unaweza kuingia."

Bibi alilitazama lile bango lililokunjwa. "Ukibandua jina, nchi inahama?"

Violeth akaliweka bango chini. Akajaribu njia nyingine. "Bibi, yule MC anachekesha tu. Hakuna viumbe mle ndani. Ni vitambaa na taa. Ni mapambo tu."

"Nani kayatengeneza?"

"Mimi."

"Kwa muda gani?"

"Tangu juzi, bibi. Sijalala nyumbani."

"Na mtu huwa halali kwake kwa ajili ya kitu ambacho ni 'tu'?" Bibi hakusema kwa ukali. Alikuwa kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. "Mimi nimechungulia kabla yule kijana hajaanza kelele zake. Nimeona. Pale pana wenyewe, mayu. Mahali pazuri namna ile hapawezi kukosa wenyewe."

Miaka yote ya kazi yake, Violeth alisifiwa na watu waliokuwa wakitazama simu zao. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mahali alipopatengeneza pamekuwa mahali kweli. Alijisikia vizuri sana, kisha akajisikia vibaya kwa kujisikia vizuri wakati bibi wa watu amekaa juani.

"Kwa hiyo unaogopa, bibi?"

"Niogope nini na umri huu? Wakinichukua watanifanyisha kazi gani?" Bibi alicheka kidogo, na kicheko kikaisha mapema. "Namwogopea huyo aliyeko garini. Alipokuwa mdogo nilikuwa nikimsimulia habari za nchi kama hizo. Mtu anakwenda kwa miguu yake, anapokelewa vizuri, anakula chakula kitamu, na akishakula hakumbuki tena mlango aliopitia. Siyo kwamba wamemfunga. Hakumbuki tu. Sasa leo mnampitisha humo, halafu kesho mnampeleka huko Songea." Akakaza fundo la kile kifurushi, ingawa lilikuwa limekazika. "Mtoto akinisahau mimi, atakuwa na nani wa kumkumbusha alikotoka? Mama yake hayupo."

Kumbe ndiyo hiyo. Violeth alitamani mzee Ngassa angekuwa pale asikie, maana ukumbini wote walikuwa wakisema bibi analeta ushirikina. Bibi alikuwa analeta upendo, na hakuwa na jina lingine la kuuitia.

"Humo kwenye kanga kuna nini, bibi?"

Bibi akafungua. Ndani kulikuwa na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa, vinakatwa, vinaanikwa mpaka vinakuwa vigumu vya kutafuna. Vilikuwa vizuri, vya rangi ya asali, vimechaguliwa kimoja kimoja.

"Nilitaka ale cha nyumbani kwanza, kabla hajala cha humo. Lakini siyo mimi wa kuamua. Wewe ndiye mwenye mahali. Wewe ndiye wa kuombwa." Na hapo yule bibi, mbele ya bodaboda waliosimama getini wakitazama, alitaka kushuka kwenye kiukuta apige magoti yeye, mbele ya Violeth.

Violeth akamdaka mikono. Alikuwa tayari kusema tena kwamba yeye ni fundi wa kupamba tu, kwamba kesho asubuhi atabandua kila kitu na kukirudisha kwenye maboksi. Akaona kwamba jibu hilo lingekuwa kweli na lisingemsaidia mtu. Basi akakubali cheo alichopewa.

"Bibi, nimekubali," akasema, na sauti yake ikamshangaza mwenyewe kwa jinsi ilivyotulia. "Ale cha nyumbani kwanza. Na uingie naye wewe mwenyewe, mmeshikana mikono, ili wenyewe wajue huyu ana mtu. Kwangu sijawahi kumfungia mtu."

"Wabeja, mayu," bibi akashukuru. "Basi mlete."

Violeth alikwenda garini mwenyewe, akamweleza Esteria kwa maneno machache. Hakuhitaji mengi, kwa sababu Esteria alizijua zile hadithi. Alishuka na gauni lake lote, mpambe akikimbia nyuma na mkia wa kitambaa, fundi wa vipodozi akipiga kelele kuhusu rangi ya midomo. Esteria hakumsikiliza. Alitandika kanga ya bibi chini, akapiga magoti juu yake, akafumba macho na kufungua mdomo kama alivyokuwa akifanya utotoni. Bibi akamlisha. Tobolwa halimezwi haraka, lazima utafune, na wote pale walilazimika kusubiri. Wakwe walichungulia dirishani. Januarius alitoka nje kuuliza kama kuna tatizo, akaona, akasimama pale pale aliposimama, kavua miwani.

"Tafuna vizuri," bibi akasema.

"Natafuna, bibi."

"Unakisikia?"

"Ni cha kule shambani, karibu na kisima."

"Ndiyo," bibi akasema. "Ni cha kule."

Waliingia pamoja. Mlangoni bibi alivua viatu vyake, akavishika mkononi, na Esteria kuona hivyo akavua vya kwake pia, vile virefu vya kung'aa alivyovinunua Mwanza. Clement alifungua mdomo aseme jambo kwenye kipaza sauti. Violeth alimkazia macho, na nadhani ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake Clement kufunga mdomo bila kulipwa.

Bibi alikwenda taratibu katikati ya ukumbi. Alisalimia. Hakusalimia wageni, wao alikuwa ameshasalimiana nao nje. Alisalimia juu, kwenye taa, na kwenye yale matawi ya fedha. "Mwadila," alisema, akageuka upande wa pili, "mwadila." Watoto wakacheka, na wakubwa wakawanyamazisha. Alipofika chini ya wingu lililokuwa limening'inia chini kuliko mengine, alisimama, akanyoosha mkono, akachomoa nyuzi kidogo, akazisugua katikati ya vidole.

"Ah!" akasema kwa sauti ambayo ukumbi mzima uliisikia. "Na huku wanalima pamba." Akasugua tena. "Ila hawajaichambua. Ina mbegu hii."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko, Ngassa mwenye pamba yake akiwa wa kwanza, na bibi naye akacheka, na mabega yake, ambayo Violeth alikuwa akiyatazama tangu getini, yakashuka. Nchi inayolima pamba angalau inajulikana taabu yake. Akaenda kukaa meza kuu, viatu chini ya kiti.

Sherehe ikaenda kama sherehe zinavyokwenda. Wajomba walizungumza kupita muda wao. Wakwe walitambulishwa mpaka binamu wa binamu. Violeth alisimama nyuma ya pazia karibu na swichi zake, akisubiri kuwasha mashine ya moshi wakati wa keki, na macho yake hayakutoka kwa bibi. Bibi hakugusa kitu. Soda iliwekwa mbele yake, hakuifungua. Walimpitishia pilau, akaisogeza upande wa Ngassa. Hakuwa amenuna, alikuwa akipiga makofi pale wenzake walipopiga, lakini hakula.

Ikafika zamu ya keki. Esteria alikata, na Clement, aliyekuwa ameshika adabu tangu mchana, akatangaza kwa sauti ya kawaida kwamba kipande cha kwanza kinakwenda kwa aliyemlea. Esteria akakichukua kwenye kisahani, akafika mbele ya bibi, na hapo akakumbuka. Mkono wake ukabaki hewani. Ukumbi nao ukakumbuka, maana hadithi ya getini ilikuwa imeshazunguka meza zote.

"Bibi, siyo lazima," Esteria akasema. "Nitampa mjomba akulie."

Violeth alikuwa na kidole kwenye swichi. Alikuwa akiombea kimoyomoyo kwamba mtu yeyote asimlazimishe yule mzee, asicheke, asipige picha.

Bibi alikitazama kile kipande. Akamtazama Januarius, kwa muda, kuanzia viatu mpaka kichwani. Halafu akamtazama mjukuu wake, akafungua mdomo.

Esteria akamlisha, na makombo yakamwagika kwenye kitenge kipya. Bibi alitafuna bila haraka, akameza, akanyoosha mkono akachukua na kilichobaki kwenye kisahani, akakila chote. Violeth alisahau moshi, alisahau na swichi yenyewe. Alikuwa analia nyuma ya pazia lake, waziwazi, wala hakujali nani anamwona.

"Kitamu," bibi akasema. "Sasa na mimi nimekula cha huku. Nimekuwa mtu wa huku. Popote watakapokupeleka, na mlango wowote utakaopita, mimi sizuiwi tena."

Esteria alikuwa ameshapiga magoti, uso kwenye mapaja ya bibi, gauni limetapakaa pande zote. "Bibi, sitasahau," alisema. "Nakuapia, sitasahau."

"Sikusema usisahau," bibi akamwambia, akimfuta machozi kwa kiganja chenye sukari ya keki. "Nimesema nitakuja."